Nilikufa kwenye filamu, mama wa watu akalia kweli

Mama Clarisse, mshauri wetu wa gazeti, nakusalimu kwa heshima na naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana sijui tena kama mimi ni mtu mbaya au ni mtu aliyepatwa na bahati mbaya, na kila ninayemwuliza ananijibu kinyume cha mwenzake.

Mimi ni kijana, bado sijaoa, nilisoma biashara hapa Bunia na nikapata kazi ya ukarani katika ofisi ndogo inayopokea samaki kutoka Kasenyi, kazi ambayo mama yangu aliiombea sana kanisani, na mimi si mtu wa vurugu hata kidogo, sinywi, na nikisikia watu wanagombana barabarani mimi hugeuza njia. Nayasema haya mapema ili usicheke nikikuambia kwamba kwenye filamu mimi ndiye mkuu wa mabandi, majambazi wa mtaani.

Filamu hizo ni za rafiki yangu Didier, pengine umeziona. Anapiga picha kwa simu, ana kipaza sauti kimoja alichokifunga kwenye mti wa fagio, na hadithi zake zote ni za vijana walioharibika, wanaacha shule, wanavuta, wananyang'anya watu simu, wanapigana na genge la mtaa mwingine kwa panga za mbao zilizopakwa rangi, damu ni nyanya ya kopo, pombe ni chai ndani ya chupa za bia, na mwishoni mkuu wao anauawa au mchungaji anamwombea mpaka anatubu. Watu wanazipenda mno. Wanawekewa kwenye simu sokoni, na kwenye sinema ya video vijana hupiga kelele hata husikii maneno. Mimi alinichagua kwa sababu ya miwani.

“Mabandi ya bengine yote iko na macho mekundu,” aliniambia. “Bandi yangu iko na miwani. Batu bataogopa zaidi, batasema huyu alisoma.”

Hatujipi majina mengine, kwa sababu wenzangu huyasahau katikati ya maneno na tunalazimika kuanza upya, kwa hiyo kila mmoja anaitwa jina lake la nyumbani, na yule bandi ni Fabien kama mimi. Mama yake anaigizwa na Denise, ambaye ni rika langu, tunampaka unga kichwani awe na mvi.

Sasa, filamu hii mpya inaisha mkuu wa mabandi akiuawa na watu, kisha inakuja matanga yake, na matanga bila watu si matanga. Sisi tulikuwa wachache. Didier akaazima bashi, lile turubai la misiba, na viti, akavipanga katika parsele, uwanja wa nyumba ya shangazi yake ambaye naye alikuwepo, kule Bigo, mtaa ambao mimi sijulikani, akaweka matawi ya mitende mlangoni, akaweka picha yangu juu ya meza yenye kitambaa cheupe, akafungulia nyimbo za kwaya. Unajua tulivyo hapa kwetu, Mama. Mtu akiona bashi na matawi haanzi kuuliza nani amekufa na alikufaje, anaingia, anasalimia, anakaa. Mchana ulipofika viti vilikuwa vimejaa watu ambao hakuna aliyewaita. Wanawake walileta kuni. Mzee mmoja alivua kofia akaomba sala ndefu. Mimi nilikuwa nyuma, jikoni, nikingoja zamu yangu ya kulala ndani ya sanduku, na nilimwambia Didier tuwaambie ukweli.

“Tubaambie nini? Nilimwita nani? Bamekuja benyewe.”

“Didier, hawa watu wanatuombea.”

“Nyamaza. Weye ni maiti, maiti haisemi.”

Wenzetu wakacheka, na mimi nilicheka kidogo, nalikiri hilo.

Ndipo akaingia mama mmoja aliyekuwa amebeba bidoni ya maji. Baadaye tulijua anaitwa Mama Rebecca, alikimbia vita upande wa Djugu na sasa anaishi Bigo kwa ndugu wa mume wake. Aliweka bidoni chini, akasimama mbele ya picha yangu. Hakuuliza jina. Akaanza polepole, kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala.

“Antoine, mutoto yangu. Siye tulikimbia, weye ulibakia mu njia. Sikukufunika hata na kitambaa. Leo nakulilia kwa matanga ya batu bengine, usinikasirikie.”

Kisha alilia, Mama Clarisse, na mimi sijawahi kusikia mtu akilia hivyo. Wanawake waliokuwa wanapiga soga wote wakaanza. Denise alikuwa analia kilio chake cha filamu, akanyamaza, halafu akalia kweli, unga ukamshuka mpaka shingoni. Didier alikuwa ameshika simu, anaendelea kupiga picha. Na mimi niliona yote kupitia mwanya wa mlango wa jikoni, mama analilia sura yangu kwa ajili ya kifo cha mtu mwingine, na sikutoka. Nilifikiri nikitoka niko hai atazimia, au watu watanipiga, nikabaki nimesimama pale nimeshika kitasa.

Kesho yake alirudi na sombe, mboga ya majani ya muhogo, aliyoipika kwa ajili ya mama wa marehemu. Bashi lilikuwa limeshaondolewa, na Didier aliposikia anakuja alimwambia Denise jipake unga tena, jifunge kitambaa cha msiba umpokee, na Denise akampokea. Tangu hapo huja mara kwa mara, wanakaa pamoja, wanachambua mboga, na Denise hajui jinsi ya kutoka katika jambo hili. Juzi Mama Rebecca alimwambia, “Tangu siku ile niko nalala. Hata chakula kinashuka.”

Jumamosi filamu itaonyeshwa kwa mara ya kwanza, tena kule kule Bigo, halafu iende sokoni. Nilimwomba Didier aondoe kile kilio.

“Kile kilio ndiyo filme,” alisema. “Ukikitoa inabakia nini? Bajinga na panga za mbao! Na weye mwenyewe unajua haujui kuigiza.”

Denise anasema tukimwambia Mama Rebecca ukweli tutamnyang'anya usingizi wake. Mama yangu anasema picha yangu imeliliwa ningali hai, kwa hiyo niende kwa mchungaji niombewe na mambo ya wengine niyaache. Na wiki hii, nikipita Bigo kupeleka ujumbe wa ofisi, motari mmoja, dereva wa pikipiki aliyeiona picha yangu pale mezani, alinitambua akapiga kelele, “Ee marehemu! Panda nikurudishe kaburini!” Wote kwenye kituo wakacheka, nikacheka na mimi, lakini mmoja wao hakucheka. Alinitazama tu, akasema, “Mama yangu alipeleka kuni kwenu.” Tangu siku hiyo naenda kazini kwa njia ya kuzunguka, na kila simu ikilia ofisini nadhani wanamwambia chef wangu, mkuu wa ofisi.

Nimechanganyikiwa kabisa. Je, tulimwibia machozi yake au tulimpa mahali pa kulia ambapo vita vilimnyima? Kama amepata nafuu, ubaya uko wapi, na kama hakuna ubaya, mbona siwezi kupita mbele ya nyumba yake? Nikimwambia, nitakuwa namsaidia yeye au natafuta usingizi wangu mimi? Akiniona mlangoni si atadhani ni mzimu? Ofisi yetu ina nafasi Kasenyi na nimefikiri kuiomba, nikae kando ya ziwa mpaka filamu isahaulike. Niambie nifanye nini, na tafadhali jina langu ulifiche.

Karani mwenye hofu, Bunia

JIBU

Kijana wangu,

Jibu hili nakutumia leo kwa mkono wa mtu, kabla halijachapwa. Wasomaji wengine watalipata wiki ijayo, wewe ukiwa umeshafanya unalopaswa kufanya. Majina yote nimeyabadilisha, lakini Bunia ni ndogo na sitaki Mama huyo aanze kusikia habari zake kwa mtu aliyesoma gazeti.

Kwanza pole. Kusimama nyuma ya mlango na kusikia kilio kile si jambo la kusahau upesi, na nakubali kwamba bashi halikuwa wazo lako. Sasa nisikilize. Kitasa kilikuwa mkononi mwako. Uliogopa, sawa, watu huogopa, lakini kesho yake hukuwa tena jikoni. Ulikuwa ofisini umeketi vizuri, na Denise alikuwa anajifungia kitambaa cha uongo mbele ya chungu cha sombe. Hapo hofu ilikuwa imekwisha, kilichobaki ni kujificha.

Umeniuliza maswali mengi na mengine ni ya mtu aliyesoma. Umewauliza hayo hayo rafiki yako, mwigizaji wenu, na mama yako mzazi. Mtu mmoja tu hamkumwuliza kitu chochote, naye ndiye mwenye machozi.

Denise anaogopa kumnyang'anya usingizi. Mwambie usingizi ule Didier hakuutoa mfukoni mwake. Mama Rebecca alimlilia Antoine, na Antoine hakuwa mwigizaji. Alichosema mbele ya ile picha kilikuwa kweli, hata kama ninyi wote mlikuwa uongo, na hilo mtamwambia kwa maneno hayo hayo, waziwazi. Kitakachomnyima usingizi ni kuiona sura yake ukutani siku ya Jumamosi, vijana wakipiga miluzi, kati ya panga za mbao na damu ya nyanya. Mkinyamaza, hilo ndilo mnalomwandalia.

Unauliza kama unakwenda kwa faida yake au ya kwako. Itakuwa yote mawili, na haidhuru. Nenda.

Nenda kesho, mchana, watu wakiwa macho. Usitangulie wewe, Mama wa watu hapaswi kushtushwa na marehemu mlangoni. Aingie Denise, bila kitambaa cha msiba na bila unga kichwani, pamoja na huyo shangazi wa Didier mwenye parsele, maana yeye ni mtu mzima, aliona watu wanaombea nyumba yake akakaa kimya, na nina maneno naye pia. Wamwambie kwamba hakuna aliyekufa, kwamba ilikuwa filamu, kwamba kijana wa picha yuko nje. Wewe ungoje njiani mpaka uitwe. Usipoitwa, rudi nyumbani, na usirudi mpaka akuite mwenyewe.

Ukiitwa, sema kwa ufupi. Mwambie wewe ndiye wa picha, mlimdanganya, ulimwona analia ukanyamaza, unaomba radhi. Usimweleze habari za kamera. Usimwambie ni wazo la Didier. Usilie, kwa sababu ukilia atalazimika kukubembeleza wewe, na amewabembeleza watu wa kutosha. Akikufukuza, ondoka. Akikupiga kofi, lipokee. Akicheka, na huwa inatokea, usicheke kabla yake. Na usiende na zawadi yoyote. Zawadi siku hiyo ni ya kumziba mdomo.

Wewe Didier, najua unasoma hapo juu ya bega la mwenzako. Jumamosi hakuna filamu. Kilio kile kina mwenyewe, umwulize. Akisema hapana, ukifute mbele yake, kwenye simu yako na kwenye simu ya kila mtu uliyemrushia kwa majivuno. Akisema ndiyo, usikimbie nayo. Muulize tena baada ya siku kadhaa, maana mama aliyeshtuka anaweza kukubali kwa adabu tu. Filamu zako nimezitazama na watoto wangu, hatukosi hata moja, na nitakuambia kinachonikera. Kila mwisho bandi anaombewa, anatubu, kwaya inaimba. Sijaona hata mara moja anarudi kwa yule mama aliyenyang'anywa simu. Una kipaji, kijana. Lipige picha hilo, na watu waliokubali kupigwa picha.

Nakurudia, karani. Watu wa Bigo hawatulizwi kwa kuzungukwa. Wewe na Didier mwendeeni chef wa avenue, kiongozi wa barabara ile, mwombeni awaite waliokaa chini ya lile bashi, muwaombe radhi hadharani. Watawasema. Wacha wawaseme, wana haki, walikata kuni. Yule kijana ambaye hakucheka, mtafute wewe mwenyewe, umwombe radhi kwa ajili ya mama yake. Chef wako wa ofisi mwambie kwa kinywa chako asubuhi moja kabla kazi haijaanza, kabla motari hajamwambia. Mama yako akitaka uombewe, kubali, ni mama, lakini iwe baada ya haya yote. Na Kasenyi usiende. Mtu akihama leo, kesho Bigo nzima itasema kweli alikuwa bandi.

Kuna jambo moja la mwisho, na usiliharakishe. Kama Mama Rebecca atakuruhusu kukaa, muulize Antoine alikuwa kijana wa namna gani. Alipenda nini, alicheka vipi, alikuwa mkorofi au mpole. Tangu vita hiyo sidhani kama kuna mtu aliyemwuliza. Kisha ukae kimya, umsikilize mpaka amalize yeye.

Mama Clarisse