Nimemfungia Bingwa Tawi

Jumapili jioni, Juni. Milanzi.

Upepo wa leo hauna adabu. Umepuliza tangu alfajiri kutoka upande wa mashamba, na hata jua lilipotoka lilikuwa la kutazama tu, si la kuota. Nimevaa jaketi nyuma mbele kama kawaida yetu waendesha bodaboda, na bado nimetetemeka kutwa.

Bingwa wangu amefariki.

Nilisoma habari jana kwenye simu, nikiwa kijiweni Katandala nasubiri abiria. Alikuwa bingwa wa mbio za pikipiki za barabarani, mtu wa nchi za mbali ambako sitafika. Hakukimbia uwanjani. Alikimbia kwenye barabara za watu, zinazopita katikati ya nyumba na kuta za mawe, mahali ambapo ukikosea kona unaingia sebuleni kwa mtu. Miaka yote niliogopa kwamba kona ndiyo itakayomchukua. Kumbe ni ugonjwa, kitandani, kama mtu yeyote.

Nilitaka kumwambia mtu. Nikamgeukia aliyekuwa karibu yangu, nikamkuta anabishana habari za mpira. Nikairudisha simu mfukoni.

Sijui kama nitaeleweka nikisema alinifundisha kazi. Mimi nilikuja mjini kutoka bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, ambako wazazi wangu walihamia na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Nilipouza ng'ombe wangu nikanunua pikipiki, baba alisema, "Pikipiki haizai," na tangu hapo hajanipigia simu. Kuendesha kwenyewe nilikuwa najua kwa kubahatisha. Kona za kushukia bondeni zilinitesa, kwa sababu macho yangu yalikuwa korongoni, na pikipiki huenda yalikoelekea macho.

Basi nikawa namtazama Bingwa kwenye simu, narudia kona zilezile hadi bando linakata. Siku moja nikaona kichwa chake. Kabla pikipiki haijalala, uso wake ulikuwa umeshageukia kule kona inakoishia. Ukuta hakuutazama hata kidogo. Nikajaribu hivyo kwenye mteremko, na ile hofu ikaniachia.

Lakini sikumpenda kwa ufundi tu. Chumba changu hapa Milanzi hakina anayebisha hodi. Jioni nikirudi, mngurumo wa pikipiki yake ndio uliokuwa ukinikaribisha. Nayaandika haya bila aibu kwa kuwa blogu hii nayo haina wageni.

Kijiweni kwetu mtu akifiwa hufunga tawi la mti kwenye usukani wake. Siku hiyo hapakii abiria, na wenzake wakiliona hawamuulizi njiani. Wanamfuata nyumbani. Leo asubuhi nilikata tawi la mkaratusi, nikalifunga, nikatoka peke yangu nje ya mji, ambako mahindi yameshavunwa na barabara ni tupu. Nilitaka kumsindikiza kidogo. Nilidhani nitarudi kabla watu hawajatoka misa ya pili, nilifungue, yaishe.

Niliporudi, pikipiki zilikuwa zimejipanga ukutani nje ya chumba changu.

Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya Mama Tasiana, mwenye nyumba wangu, wengine bado na mavazi ya kanisani. Kuna aliyeleta mkaa, kuna aliyeleta unga na dagaa wa Kipili. Mama Tasiana alikuwa ameshabandika birika kubwa na kutoa vikombe vyake, maana mimi nina kimoja. Mwenyekiti wetu wa kijiwe, mtu mzima ambaye huwa nampa shikamoo tu na kupita, aliinuka akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, Masanja. Ni mzee?"

Walidhani ni baba. Waliacha abiria wa Jumapili kwa ajili ya mzee wasiyemjua hata sura. Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu, na kwa kweli nilifikiria. Nikisema ukweli nitawakosa watu hawa wote. Nikidanganya nitakuwa nimemzika baba yangu akiwa hai, kwa ajili ya chai.

"Baba ni mzima," nikasema. "Aliyefariki ni mwendesha pikipiki wa mashindano. Mzungu. Hatukuwahi kuonana."

Mmoja alichekea puani, akachukua helmeti yake, akaondoka, na wote tuliisikiliza pikipiki yake hadi ikapotea. Nikainama kulifungua lile tawi. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, fundo likakataa.

Deo akaniambia niliache. Deo ni Mfipa. Wazee hubishana kama Wafipa na Wasukuma ni watani wa kweli, ila sisi wawili tulishaamua zamani kwamba ni watani, ingawa utani wenyewe ulikuwa unaishia kijiweni. Aliomba simu yangu, akazitazama zile kona. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Mwenyekiti alirudia kona moja mara kadhaa, akaguna, akasema huyu alikuwa mtu.

Kisha Deo akaketi chini vumbini, mikono kichwani, kama watani wafanyavyo msibani, akaanza kulia kilio cha uongo.

"Jamani marehemu huyu. Kakimbia maisha yake yote na hajapakia hata abiria mmoja. Mafuta yote yale, halafu anarudi palepale alipoanzia. Msukuma, ndugu yako alikuwa na akili kweli?"

Wakacheka. Mama Tasiana alicheka hadi akaliweka birika chini. Na mimi, ambaye tangu jana sikuwa nimetoa chozi, nikalia mbele yao wote, kwa sababu mtu hataniwi kwa msiba usio wake.

Walikaa hadi chai ikaisha. Wakati wa kuondoka Deo aliuliza, safari hii bila utani, matanga tunaanua lini. Nikasema Jumapili ijayo. Akasema sawa, wakawasha pikipiki zao wakaenda kutafuta abiria wa jioni.

Sasa ni mimi na upepo tena. Vikombe vya Mama Tasiana nimeviosha polepole kuliko vinavyohitaji, kisha nikavirudisha. Chumba kimekuwa kikubwa kuliko kilivyokuwa asubuhi. Tawi bado liko kwenye usukani, majani yameanza kujikunja.

Wiki nzima kumwomboleza mtu ambaye hakujua kama nimezaliwa, najua ni ndefu. Lakini niliposema Jumapili ijayo, sikuwa namfikiria yeye.

Kesho nitanunua vikombe.