Folda Moja, Milango Miwili

Jumatatu, 3 Juni
Dakika arobaini nyingine za rekodi ya Bibi nimeziandika. Vidole vinauma. Programu ya kupunguza kasi ya sauti ni ya kizamani, imeikataa kompyuta yangu. Basi nimeweka kompyuta ya kizamani ndani ya hii mpya. Mashine pepe, ndivyo inavyoitwa. Dirisha tu kwenye skrini, ila lina mambo yake. Nimefungua folda ya pamoja ili zote mbili zisome rekodi. Bibi anasimulia walivyohamia Milola, Babu anamkatiza kila baada ya sentensi mbili. Alikuwa mbishi, Mungu amrehemu. Alifariki Machi. Sauti yake nyingine hatuna. Mama anazisubiri rekodi hizi.

Jumatano, 5 Juni
Mashine pepe ilijaa, inajikokota. Nimefuta rekodi zote kumi na moja huko ndani, si zile za asili ziko nje? Nimejisifu.

Alhamisi, 6 Juni
Hazipo.
Ndani hazipo, nje hazipo. Hakukuwa na nakala. Ilikuwa folda ileile moja, naiona kwa milango miwili. Kapu la taka tupu: kumbe kinachofutwa kutoka ndani hakipitii kapuni. Kwenye simu nilishazitoa zamani. Fundi mjini amehangaika na kompyuta tangu asubuhi, akanirudishia. "Dada, pole." Sitaki pole. Mwalimu mzima! Mjinga mkubwa mimi. Babu nimemzika mara ya pili, kwa kidole changu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni
Nimempigia Mama, nimemwambia. Hakunigombeza. Amelia tu. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 8 Juni
Milola. Bibi bado yuko edani, wanaume hawaingii chumbani kwake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikaungama hata kabla ya kukaa.
"Hilo tu? Washa hiyo simu yako."
Akasimulia upya. Safari hii hakuna wa kumkatiza. Kumbe kabla ya Babu aliolewa huko Kilwa, upande wa milimani. Mume akampiga mpaka akakimbia. Nyuma akaacha mtoto wa kike wa miaka miwili. Jina lake Somoe.
"Babu yako hakutaka atajwe," akasema. Akaomba maji ya kunywa.
Mama ana dada! Miaka yote hii nimekula, nimelala nyumba ile, sijui. Nimepigwa na butwaa. Babu nampenda na nimemkasirikia, yote kwa pamoja.

Jumapili, 9 Juni
Nimerudi kwangu, Mtanda. Rekodi mpya nimezinakili mara tatu, mahali patatu tofauti. Sijaandika hata neno. Nimefua, nimekunja nguo.
Jioni Mama akapiga. Anataka kujua kama Bibi amesimulia yaleyale. Nikamjibu ameongeza kidogo.
Kisha akauliza, taratibu: "Amemtaja Somoe?"