Picha ya Mama Bila Kilemba

Mbagala, Dar es Salaam

Dada yangu Skola,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Hamjambo nyie wa Majimoto? Mpunga umeshatoa masuke, au ng'ombe wa jirani wameupitia tena? Mimi mzima, na nimezidi kupendeza, ukiniona utasema nimeoa binti wa tajiri. Kijiweni ninapotengeneza simu wananiita Injinia. Ndiyo, mimi niliyeishia darasa la sita kwa hiari yangu. Wewe uliyemaliza la saba wanakuitaje?

Nakuandikia karatasi kwa sababu ukipokea simu Baba anataka uweke sauti kubwa, na haya sitaki ayasikie.

Si unakumbuka alivyolalamika, "Hawa wanaonipigia kuniuliza mgonjwa anaendeleaje ni akina nani? Mama yenu si tumeshamzika?" Basi nikaandika jina la Mama na la Majimoto kwenye simu, nikatafuta. Dada, akatokea. Yuko kitandani wodini, kichwa wazi, nywele zimeisha, kanga imeshuka begani. Chini wameweka jina lake lote, ugonjwa wake na namba ya Baba. Mama huyu huyu ambaye mumeo akikohoa tu uani, alikuwa anakimbilia kilemba mkwe asimwone!

Ni ukurasa wa kuwaombea wagonjwa michango. Mjomba ndiye aliyewapelekea picha, Mama akiwa bado anapumua, na nia yake ilikuwa nzuri. Nikampigia. "We Deus, mimi niliwapa watu wa msaada, sikuwaambia wamtandaze dunia nzima!" Mwenye ukurasa naye: "Tulipewa na ndugu yenu." Nikawaandikia wale wenye mtambo wa kutafutia. Wakajibu wao wanaonyesha tu kilichowekwa na wengine, nimwone aliyeweka. Kila mtu amenawa mikono, na Mama amelala pale kichwa wazi.

Nikarudi kwa mwenye ukurasa, nikamganda kwa mdomo wangu huu unaoujua. Mwisho akachoka. "Sawa, dogo. Familia ikisema nifute, nafuta. Mnasemaje?"

Hapo Injinia nikaifungua tena ile picha, ndiyo pekee tuliyo nayo. Mama alikuwa hapigwi picha, na kitambulisho chake sura ilishafutika kwa kufungwa kwenye pindo la kanga. Tena mimi nilifika kaburi limeshafunikwa. Nikifunga kazi nilikuwa naandika jina lake, anatokea, namsalimia. Usinicheke kwa hilo, Dada.

Nikamwambia, futa.

Leo nimeandika jina tena. Ametokea mama mwingine kabisa, anauza vitenge, anacheka. Wetu hayupo.

Nisalimie Bibi, mwambie bado sijaoa, apunguze kuuliza. Mjomba mwambie sina kinyongo, ila picha ya mtu amuulize kwanza mwenyewe. Baba msalimie sana, na wakimpigia tena wale wa kumuulizia mgonjwa, pokea wewe.

Kabla haijafutwa niliikata kipande, nikakisafisha studio. Kimo humu kwenye bahasha. Ni mkono wake tu, umeshika wa kwako ulipokaa kando ya kitanda. Utaujua kwa ile bangili ya shaba. Kitundike sebuleni bila wasiwasi. Huo hata shemeji anaruhusiwa kuutazama.

Mdogo wako msumbufu,
Deus