Mashua Iliyohamiwa na Nyuki

Mpendwa Mutua,

Sisi huku Matiliku tuko salama, ila ng'ombe wa nyanya yako amekataa kukamwa na mtu mwingine. Nimesoma swali lako, kama kuipaka nta hiyo mashua ya mkubwa wako huko Kisumu ni kazi ya maana ama ni kuchosha mikono bure.

Nikiwa kijana, miaka ya sabini, nilikaa upande wa Kitui na kuvusha watu wa kanisa mto Athi kwa mashua. Kiangazi kimoja niliipindua ukingoni, nikaisugua ndani na nje kwa nta ya mizinga yetu mpaka ikang'aa. Nikasahau kwamba nyuki hufuata harufu hiyo. Mvua ilipojaza mto, walikuwa wamehamia ndani, na siku hiyo nilingojwa upande wa Makueni kuposa nyanya yako.

Baba yake, mrina asali, alisimama ng'ambo akapaza sauti: "Kwani huvuki?"

"Mashua imeingiwa na nyuki, mzee."

"Nyuki hawaingii kwa kitu kimefanywa ovyo. Nani aliipaka nta?"

"Ni mimi."

"Basi usiwafukuze. Tutakungoja."

Walingoja mpaka mto ukapungua, nikavuka kwa miguu, viatu mkononi.

Kwa hivyo, Mutua, mashua sijui kama ilifaidika, maana msimu huo haikugusa maji. Lakini nyanya yako yuko hapa jikoni, anakusalimia.

Babu yako