Naona Iko Pale

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, ingawa naona haya kuamkiwa na mtu niliyemzidi miaka minne tu. Ndiyo hivyo, baba yako ni mtoto wa kaka yangu. Hapa Kigombe tu wazima, ila nyumba imepoa tangu Mzee, baba yangu, atutoke.

Umeuliza kwa nini baba yako hakumwona Mzee kwenye simu siku ile. Kosa ni langu, na sijamwambia mtu.

Nilikuwa najifunza kufunga mitandao isiyo na waya kwa fundi Hizza. Tulitaka kuvuta intaneti ya shule hadi nyumbani kwa antena mbili. Darasani nilikariri kwa Kiingereza kwamba lazima zionane, pasiwe na kitu katikati. Fundi akanipigia simu kutoka paa la shule: "We babu usiye na ndevu, unaiona antena yangu?"

Mimi nilikuwa juu ya paa letu, na mbele yangu ilikuwa minazi mitupu. Nikaona aibu kusema sioni. Nikajibu, "Naona iko pale." Nilimaanisha nadhani. Yeye akaelewa nimeiona, akakaza bolti, akashuka.

Jioni Mzee alivaa kofia yake, tukamwegemeza kwenye mito, tukampigia baba yako simu ya video. Kila upepo ulipotikisa minazi, picha iliganda.

"Ndiye huyu?" akauliza.

"Naona ndiye, baba."

Alifariki kesho yake. Baada ya matanga fundi alileta mlingoti mrefu wa kuinua antena juu ya minazi, na sasa picha ni safi kabisa. Pigeni mkipenda. Nitawaonyesha kitanda chake.

Babu yako,
Salimu