Binti Yangu Amemchagua Jirani Ampokee Mtoni

Mpendwa mshauri Lenah, nianze na hasara yenyewe halafu ndio nieleze. Jumatano tarehe 4 Juni, saa moja na dakika kumi jioni, tukiwa mezani, nilipoteza nafasi ya kumpokea binti yangu Nelvine atakapotoka majini siku ya ubatizo wake, na aliyepewa hiyo nafasi ni jirani yangu Rebeccah, Mama Kimeli, ambaye hata si wa kanisa letu. Majina usiyafiche kwa kipindi chako cha redio, kwa sababu hapa kwetu karibu na Chepilat ukisema tu "yule mama wa leso" kila mtu anajua ni mimi, na wengine wanacheka.

Kwa wasiojua, mimi ni Msabato, na hapa kwetu mtu akibatizwa mtoni kuna mama anayesimama ukingoni na leso kavu, na yule mtu akitoka tu kwa maji anafungwa hiyo leso na kukumbatiwa kabla mwingine yeyote hajamgusa. Mara nyingi huwa ni mama mzazi. Mimi hiyo leso niliinunua Sotik Desemba iliyopita, nikachagua kwa dakika arobaini mpaka mwenye duka akachoka na mimi, na wakati huo mtoto alikuwa hata hajaanza darasa la ubatizo.

Mimi si mtu wa kupewa vitu, mshauri. Nilitoka upande wa Nyamira nikiwa na miaka kumi na tisa, nikachuma chai ya wenyewe huko Kericho miaka kumi na moja, baba ya Nelvine akaenda zake mtoto akiwa na miaka miwili, na leo nina ekari moja yenye mashina 4,200, na kati ya hayo ni 300 tu niliyoyakuta, mengine yote nimepanda na mikono yangu. Kanisani nina miaka ishirini na mbili. Kiongozi wa akina mama miaka saba. Hakuna siku nimekosa bila sababu.

Sasa kuhusu Rebeccah. Shamba langu nimeligawa sehemu saba, kila sehemu na siku yake ya kuchumwa, kwa hivyo msimu wa mvua ukiruka siku moja hiyo sehemu inakomaa na karani wa kituo cha kupimia majani anaikataa, na gari la kiwanda wakati huo linakuja hata Jumamosi na Jumapili. Rebeccah shida yake ilikuwa hiyo hiyo, ila yeye anasali Jumapili na mimi Jumamosi, basi miaka sita iliyopita tukakubaliana hapo kwa ua: Jumamosi yeye ananichumia, Jumapili mimi namchumia. Hakuna kulipana, hakuna kelele, kila mmoja anaenda kanisani mikono misafi na majani yanafika kituoni. Wastani wangu ni kilo 60 kila Jumamosi, piga mara Jumamosi 48 ni kilo 2,880 kwa mwaka. Hizo ndizo zilimsomesha Nelvine, si maombi ya mtu.

Ijumaa tarehe 4 Aprili huyu mama akaja jikoni kwangu, nikampa kiti akakataa kukaa.

"Mama Nelvine, kesho sitakuja. Na Jumapili wewe pia usije kwangu."

"Umeugua?"

"Sijaugua. Jumapili iliyopita mvua ilinyesha, sisi kanisani tunaimba vile Mungu ametupumzisha, na mimi najua wewe uko kwa shamba langu umelowa mpaka ndani. Nilishindwa kumaliza wimbo."

"Lakini si tulikubaliana, Mama Kimeli?"

"Tulikubaliana wewe na mimi. Yeye hatukumuuliza."

Akaenda hivyo. Jumanne iliyofuata karani akamkatalia gunia zima, majani magumu kama ya ndizi, na Onsongo, mkulima mwenzetu ambaye hajawahi kukosa la kusema, akapiga kelele, "Mama Kimeli, hiyo hata Mungu wako hawezi kunywa!" Mwingine angeona aibu. Yeye alicheka, halafu akasema mbele ya kituo chote, "Onsongo, hayo ni majani ya Jumapili. Miaka sita nimekuwa nikiweka mtu mwingine avunje siku yangu ndio mimi nionekane nimeitunza. Nimeacha." Hakunitaja. Heri angenitaja. Watu thelathini na mmoja waligeuka wakaniangalia, niliwahesabu, na yeye akabeba gunia lake tupu akapanda kilima akiimba. Aliimba, mshauri! Majani yamemwagwa na mtu anaimba!

Tangu hiyo siku ni Rebeccah, Rebeccah. Mzee wetu wa kanisa, Masese, alimtaja kwa mahubiri yetu ya Sabato, mtu wa Jumapili, na mimi nimekaa kiti cha mbele. Nelvine akaanza kwenda kwake jioni, mara nne kwa wiki, na hakai chini ya dakika arobaini na tano. Eti wanakamua halafu wanaomba. Kwangu mtoto huyo huyo anaombea chakula kwa sekunde kumi. Nasema ukweli, nina wivu, nikisikia ng'ombe wa Rebeccah akilia jioni najua mtoto wangu yuko pale ameshika ndoo. Mimi nimezaa, mimi nimelipa, mimi nimeamka saa kumi na moja miaka yote hiyo, halafu mtu anakuja kuvuna kwa sababu ameacha kuchuma majani siku moja kwa wiki.

Hiyo tarehe 4 Juni mtoto akasema, "Mama, usikasirike. Nimeomba Mama Kimeli ndiye ashike leso."

Nikauliza kwa nini.

"Nikitoka majini nataka wa kwanza kunishika awe mtu amefanya kile mimi nitakuwa nimeahidi."

Nikamwambia mimi nina miaka ishirini na mbili kwa hii imani na huyo Rebeccah tangu aache hata wiki tisa hazijaisha. Unajua alinijibu nini? "Lakini Mama, hizo ni wiki tisa zaidi yako." Nikamwambia atoke mezani, akatoka, chakula chake nikampa mbwa.

Anasema hivyo kwa sababu Rebeccah alipoacha nilitafuta akina mama wawili wa kule juu, hawana kanisa lolote, wakawa wananichumia Jumamosi, na sioni kosa kwa sababu nao wanahitaji kazi na sikuwalazimisha, lakini hilo si jambo nililokuandikia.

Nilienda kwa pasta nikamuuliza kama ni sawa leso ya Msabato ishikwe na mtu wa Jumapili, akaniambia, "Mama, leso haina dhehebu," na akacheka. Na hata ukiacha mambo ya kanisa, yule ni Mkipsigis na sisi ni Wakisii, jamaa zangu wa Nyamira wakija wataona nini?

Sasa jambo lenyewe ni hili. Nelvine atafikisha miaka kumi na minane Septemba, kwa hivyo pasta anataka sahihi ya mzazi, na fomu inatakiwa irudi Ijumaa tarehe 20 kabla jua halijatua, ubatizo ni kesho yake Mto Kipsonoi. Hiyo fomu iko kwa droo yangu, chini ya karatasi za mizani. Nisiposaini hatabatizwa mpaka Desemba, na nimepiga hesabu, miezi sita inatosha mtu kumchoka jirani. Nikisaini, nitasimama kwa ukingo nimeshika mkoba kama mgeni, nikiangalia mwanamke mwingine akimkumbatia mtoto wangu.

Nisaini au nisisaini? Nijibu kwa kipindi chako cha Alhamisi tarehe 19, saa tano, nitakuwa nimefungua redio. Usinizungushe.

Mama Nelvine,
Chepilat

MSHAURI LENAH ANAJIBU

Saini. Leo. Ulitaka usizungushwe, basi jibu ndilo hilo. Lakini usizime redio, Mama Nelvine, kwa sababu na mimi nina yangu.

Kwanza pole. Nasema pole ya kweli. Kubeba kikapu cha mtu mwingine mgongoni miaka kumi na moja, ukalea peke yako, halafu mtoto akakwambia mezani kwamba amechagua mwingine, hiyo inauma mahali hakuna dawa inafika. Ningekuwa wewe ningelia. Pengine na mimi ningempa mbwa hicho chakula.

Lakini hiyo fomu inauliza kama unakubali mtoto wako ajitoe kwa Mungu. Haiulizi anampenda nani zaidi. Wewe unataka kumfungia Mungu kwa droo miezi sita ili mtoto amchoke jirani, na unajiita kiongozi wa akina mama! Ukifanya hivyo Nelvine atafika Septemba, atafika Desemba, atajisainia mwenyewe, na wewe hutakuwa hata ukingoni na huo mkoba.

Na hayo ya kabila yaache kabisa. Miaka sita Rebeccah akinyeshewa kwa shamba lako hukuwa umegundua ni Mkipsigis? Umegundua alipopewa leso? Jamaa zako wa Nyamira wakiuliza wataona nini, waambie wataona mtoto akibatizwa.

Sasa nikuguse penye kidonda. Umeandika barua ndefu, umehesabu hata watu waliogeuka kituoni, halafu wale akina mama wawili umewapitisha haraka haraka na kusema si jambo uliloniandikia. Ndilo, mama. Hayo mengine yote ni moshi wa hapo. Rebeccah alikuwa amejificha mahali pale pale ulipojificha wewe, na kwa sababu hiyo hiyo, na nikuambie kitu, sababu yenyewe haikuwa mbaya: watoto wasome. Tofauti ni kwamba yeye alitoka nje watu wakimwona, akachekwa, akapoteza gunia, na akagundua bado anaweza kuimba. Wewe ulibadilisha tu mikono ya kukuvunjia Sabato. Unasema hawana kanisa. Kwani asiye na kanisa hachoki? Ile amri unayofundisha kila robo ya mwaka inamtaja hata anayekufanyia kazi, na wewe umeisoma kuliko mimi.

Kwa hivyo huo wivu wako haujakosea njia. Kuna kitu Rebeccah anacho na wewe huna, na moyo wako unajua. Ila si Nelvine. Nelvine amekifuata tu huko alikokiona, na ungekuwa nacho wewe angekifuata jikoni kwako.

Fanya hivi. Toa fomu, saini, mpe mkononi, usihubiri. Mwambie, "Ulichosema mezani ni kweli," halafu nyamaza, hata kama ulimi unawasha. Usimwombe abadilishe mtu wa leso. Mtoto alipima maneno yake kabla ya kuyasema na wewe yaheshimu. Na usije ukampelekea Rebeccah leso yako ya Sotik mbele ya watu ndio uonekane una moyo mkubwa. Nakujua, na hata hujanipigia simu. Ikunje uiweke. Nenda mtoni, simama na akina mama wengine, ukilia ulie.

Halafu shamba. Wewe mwenye hesabu, umegawa ekari yako sehemu saba kwa nini? Nani alikupa siku saba za kuchuma? Gawa sita. Ni kamba na asubuhi moja, si muujiza. Kila sehemu itakuwa kubwa kidogo, basi wale akina mama wawili waite Jumatatu na Jumanne, na Jumamosi nao wakae na watoto wao. Kuna majani yatakomaa kabla hujazoea, karani atayamwaga, na Onsongo atasema neno. Mwache aseme. Utakuwa umesikia vile Rebeccah alisikia, na ndio utajua kama miaka ishirini na mbili ilikuwa ya Mungu au ilikuwa ya kukaa kiti cha mbele. Kumpenda Mungu kwa moyo wote kutakuomba kitu unachokihesabu. Kwako ni kilo 60. Wengine wameombwa zaidi ya hizo.

Na uongozi wa akina mama, Sabato inayofuata waambie mwenyewe, kabla hawajakuuliza. Wakikuondoa, utakaa kiti cha nyuma kama sisi wengine, na mahubiri yanasikika vizuri tu hata huko.

Uliniuliza swali la neno moja na nimelijibu. Mimi pia ninalo. Jumamosi tarehe 21, saa nne asubuhi, Nelvine akiwa ndani ya maji, nani atakuwa kwa majani yako? Sitaki barua, sitaki sababu, sitaki hesabu. Tuma ujumbe kwa simu ya studio, uandike jina la mtu au uandike "hakuna". Nitakuwa nimekaa hapa mpaka Ijumaa jua litue.