Kinachotoka Kwanza Kinakaa Kulia

Jumatano, 16 Julai

Nimemaliza sketi kumi na mbili za shule, nimefunga vyerehani vyangu viwili, nimepanda gari mbili kutoka Kinyerezi mpaka Chang'ombe kwa Mama. Uji. Dawa ya presha. Kumkanda goti. Kama kila Jumatano.

Kaka Abdu alikuwepo. Mafundi wanaingia Jumatatu kuchimba msingi wa choo cha ndani. Sawa. Goti la Mama haliwezi tena kuvuka ua, hilo sipingi. Ila msingi unapita palipo pikipiki ya Baba, na tairi lake la nyuma limeoza, haisukumiki hata hatua tatu. Abdu kasema ikiondoka inaendeshwa kabla ya Jumatatu, niichukue. Isipoondoka anamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Kasema hivyo huku anatazama simu.

Niichukue? Ni yangu tayari. Mgao wa mirathi ya Baba ulifanyika mwaka jana mbele ya shehe. Wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Sina neno na hilo, ndiyo sheria. Neno ninalo na hili: pikipiki nilipewa mie, sanduku la spana akapewa yeye. Mmoja kapewa kufuli, mwingine ufunguo.

Ningeweza kuipakia kwenye guta la mizigo mpaka Kinyerezi. Ingefika maiti, ingekaa maiti, na Abdu angesema si nilikwambia. Hapana. Itatoka hapa inanguruma.

Siku nne.

Alhamisi, 17 Julai

Nimenunua spana tatu: 14, 17, 19. Tairi na tyubu, saizi 18. Vyerehani vimelala leo.

Nimeisimamisha kwenye stendi kubwa, nikaongeza matofali mawili. Gauni nimelifunga kiunoni. Mama amenitazama kutoka dirishani muda mrefu, mwisho akasema, "Mwanamke mzima, kucha kama mchoma mkaa." Nikamwambia mkaa nao ni kazi.

Fimbo ya breki imefunguka. Nati ya ekseli, 19, haikusogea. Nikapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili, kilo sabini na nne. Haikusogea. Miezi kumi na moja imekaa hapa inapigwa na umande. Nimeimwagia mafuta ya taa, nikaiacha inywe.

Nilipokuwa nangoja harufu ile ikanirudisha.

Jumamosi mchana Baba akitoka kiwandani alikuwa anavua shati, anafunga msuli, anatandika mkeka hapahapa. Redio ukutani, mpira au taarabu, yeye haikumhusu, alitaka kelele tu. Mie nakaa mkono wake wa kushoto. Hakuwa anasema nipe spana. Alisema "kumi na saba", akanyoosha kiganja bila kugeuka, na ole wangu nimuwekee kumi na tisa. Nilikuwa na miaka minane. Namba nilizijua kwa uzito kabla sijazijua ubaoni. Mpaka leo sentimita moja na nusu ya pindo naikata bila futi.

Na Abdu? Abdu tuisheni. Kila Jumamosi. Viatu vyeupe, kalamu mpya. Yeye wa vitabu, mie wa kushika vyuma. Shule yangu iliishia la saba, yake ikafika chuo. Kiwanja, nyumba, vyerehani, vyote nimetafuta mwenyewe. Sijasahau hata Jumamosi moja.

Ijumaa, 18 Julai

Imetoka!

Nati ilikubali saa tatu asubuhi, kwa mlio kama jino linang'olewa. Ekseli nikaigonga na kipande cha mti ili nisiharibu uzi, nikaivutia upande wa kulia. Bushi ya upande wa cheni ikadondoka kwanza. Gurudumu nikalilaza. Bushi ya upande wa breki ikaja mwisho. Bushi si kitu, kipande cha bomba tu cha kulikalisha gurudumu katikati. Lakini hazilingani. Nimezipima kwa futi ya kushonea: ya cheni milimita 31, ya breki 22.

Nimepanga kama Baba. Kinachotoka kwanza kinakaa kulia, kinachofuata kushoto kwake, mpaka mwisho wa mkeka. Baba hakuingia shule. Alisoma Kurani tu, chuoni kwa mwalimu, kwa hiyo kwake kila kitu duniani kilianzia kulia, hata nati. Ukitaka kurudisha unaanzia kushoto. Hukosei kamwe. Alikuwa anasema pikipiki ni juzuu, usiruke aya.

Ekseli, nati na washa ziko kwenye kopo la mafuta ya taa, zina kutu. Mkekani zimebaki hizo bushi mbili na skrubu za kuvutia cheni.

Gurudumu nimelipeleka kwa fundi pancha kichwani, juu ya kata ya khanga. Watu wamecheka mtaa mzima. Fundi, mzee wa makamo, akauliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia mume yuko kazini, gurudumu ndilo hili, aulize kuhusu hilo. Akacheka. Kesho saa nne, kasema.

Miaka miwili ya mwisho mie ndiye niliyempeleka Baba kliniki kwa pikipiki hii. Alikuwa ananishika bega, si kiuno. Kila nikibadilisha gia vibaya, vidole vinabana. Bega langu la kulia linamkumbuka kuliko kichwa changu.

Jumamosi, 19 Julai

Saa nne nimerudi na gurudumu, tairi jipya linanukia. Mama akahitaji kuogeshwa. Kisha kupika, kisha sala ya adhuhuri. Nimekaa ndani zaidi ya saa mbili.

Natoka, gurudumu limo.

Abdu amechuchumaa nyuma ya pikipiki, shati la ofisini lina mafuta mpaka kifuani. Sanduku la Baba liko wazi pembeni. Hakuniambia anakuja. Sikujua nicheke au nimpige. Akapiga kiki mara saba, ikawaka, akaingiza gia gurudumu likiwa hewani. Mlio mbaya, bati juu ya bati. Cheni ikaruka kwenye meno, injini ikazima.

"Imekufa hii, Zuhura. Tuiache."

Nikachukua futi. Gurudumu limesogea kushoto milimita tisa. Thelathini na moja toa ishirini na mbili, tisa. Bushi kazibadilisha. Alisimama nyuma, cheni iko kushoto, mkekani akaona bushi moja kushoto na moja kulia. Ya kushoto akaipeleka kushoto. Mtu yeyote angefanya hivyo. Mtu yeyote asiyewahi kukaa na Baba.

Nikamwambia hivyo. Na mengine. Kwamba kachukua sanduku asiloweza kulitumia. Kwamba aliondoka na kalamu akaniachia chuma, na chuma kilipokuja kuwa na faida akakitaka nacho. Sauti yangu ilifika barabarani. Mama akafunga dirisha.

Abdu hakupandisha yake. Alikuwa anafuta mikono kwenye shati, shati ambalo halifai tena.

"Mie alinifukuza," akasema. "Nilikaa mkekani siku moja tu. Nikampa spana siyo, akasema mikono yangu mizito, niende nikasome. Tuisheni ilikuwa ya kuniondoa hapa. Wewe ndiye alikuwa anakuita."

"Ndiyo maana ukachukua sanduku."

"Ndiyo maana."

 Nikaenda kumpa Mama chai.

Mtu wa hesabu kama mie. Miaka yote hiyo najumlisha za kwangu tu. Najisikia mjinga. Na bado nina hasira. Vyote viwili vipo, hakuna kilichomfukuza mwenzake.

Alipoondoka jioni sikumsindikiza. Gurudumu limebaki vilevile, limekaa upande. Kesho ndiyo mwisho.

Jumapili, 20 Julai

Saa moja asubuhi Abdu yuko mlangoni. Kavaa fulana kuukuu. Kamwamkia Mama shikamoo, mie kaniangalia tu.

Nikamwambia afungue yeye. Akafungua. Kila kitu kikaenda mkekani kuanzia kulia. Akauliza kwa nini kulia. Nikamweleza. Akacheka kidogo. Kumbe hakuwa anajua. Mikono yake mizito kweli, Baba hakumsingizia. Lakini hakuharakisha.

Bushi ndefu kwenye cheni, fupi kwenye breki. Skrubu za kuvutia cheni, alama ya tatu pande zote mbili. Cheni inacheza vidole viwili. Nati nimekaza mie.

Imewaka kiki ya nne.

Nilitaka kuondoka peke yangu. Abdu akasema anakuja aone kama gurudumu litashika. Akapanda nyuma, kilo tisini na kitu.  Tairi halikuyumba. Kwenye kilima cha kuingia Kinyerezi nikashuka mpaka gia ya pili, ikapanda taratibu, ikafika.

Kala ubwabwa na maharage kwangu. Ni mara ya kwanza anaona ukumbi ukiwa na vigae. Alisema wamevibandika vizuri. Nikamwambia nilisimamia mwenyewe.

Kabla hajaenda kupanda gari nimempa vipimo vya kesho. Mlango wa choo cha Mama usipungue sentimita tisini. Goti likizidi tutahitaji kiti cha magurudumu, na mafundi wakiachiwa wataweka sabini. Pasiwe na kizingiti. Bomba la kushikia liwe upande wa goti zima.

Ameandika yote. Kauliza goti zima ni lipi.

La kushoto, nimemwambia. Akaandika na hilo.